Fremu Iliyosikia Sauti Kutoka Pwani

Siku hizi redio ni kitu kidogo. Inaingia mfukoni. Imo hata ndani ya simu. Vijana wengi hawajapata kuona redio ya vali. Leo nataka kueleza juu ya redio hiyo, na hasa juu ya chombo kimoja kilichokaa kando yake. Chombo hicho ni fremu ya kunasia mawimbi. Nilikiona Tabora nyumbani kwa mjomba wangu, nilipokuwa mtoto wa shule. Tangu hapo sijakiona mahali pengine.

Redio ya vali ilikuwa sanduku la mbao. Mtu mmoja aliibeba kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na vali, yaani vichupa vya kioo, kila kimoja kama kidole gumba. Ndani ya kila kichupa mlikuwa na uzi uliowaka kama uzi wa taa. Kazi ya vali ilikuwa kukuza sauti ndogo iwe kubwa. Ukifungua redio, haisemi mara moja. Unangoja mpaka vali zipate moto. Sisi watoto tulichungulia nyuma ya sanduku ili tuone vikiwaka vyekundu, na mjomba alitufukuza.

Redio hizo zilikula umeme mwingi. Mtu asiye na umeme alinunua betri kubwa, nzito na ghali. Mwaka 1949 huko Lusaka, katika nchi inayoitwa Zambia sasa, ilianza kuuzwa redio ya vali ya kutumia betri. Ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya wananchi wa kawaida wa Afrika. Umbo lake lilikuwa la sufuria ya alumini, na bei yake ilikuwa pauni 5. Hata bei hiyo haikuwa ndogo kwa mtu wa mshahara mdogo. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na redio hakusikiliza peke yake. Nyumba yake ilijaa majirani.

NJIA YA MISAFARA

Tabora iko mbali na bahari. Zamani misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora. Kutoka hapo njia iliendelea mpaka Uvinza na Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani kwa miguu kuja Tabora. Walitumia zaidi ya miezi minne.

Habari nazo zilikwenda kwa miguu. Mtu akifa mbali, ndugu zake walikaa miezi bila kujua. Tazama habari ya Livingstone. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, akingoja wapagazi. Alikufa mwezi wa Mei 1873, katika nchi ya Zambia ya sasa. Watu wake, wakiwamo Chuma na Susi, waliubeba mwili wake. Walipita Kwihara mwezi wa Oktoba, na wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Huyo alikuwa mtu maarufu. Mpagazi wa kawaida akifa njiani, pengine habari yake haikufika kabisa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Siku zikawa chache, lakini barua bado ilihitaji siku. Kisha ikaja redio. Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania. Kutoka Tabora mpaka Dar es Salaam, ukipima mstari ulionyoka, ni zaidi ya kilomita 700. Wimbi la redio hukata mwendo huo kabla hujafumba jicho.

Lakini kufika ni jambo moja, na kusikika ni jambo jingine. Mchana wimbi la masafa ya kati hutambaa juu ya ardhi na kuchoka njiani. Usiku hupanda juu sana angani, likarudishwa chini mbali na lilikotoka. Kwa hiyo usiku Tabora tulisikia Dar es Salaam, lakini tulisikia pia Nairobi, Lusaka na nchi nyingine, zote zikigombana. Tena wakati wa masika radi ilitoa mkwaruzo mkubwa. Na katika nyumba za reli kulikuwa na shida ya tatu, yaani umeme wenyewe. Feni, mota na swichi zilikwaruza ndani ya redio. Watu walifunga waya mrefu kutoka dirishani mpaka kwenye mwembe ili uwe eriali. Waya huo ulinasa kila kitu, sauti na mkwaruzo pamoja.

PICHA YA MLIMA

Mjomba wangu alikuwa karani wa reli. Mwaka 1960 alikuwa na kazi Kigoma. Mwaka huo Kongo ilipata uhuru wake, na Wabelgiji wengi walihama. Wengine walivuka ziwa kuja Kigoma. Mmoja wao alikuwa akiuza vitu vyake ili apunguze mizigo. Mjomba alinunua redio ya vali, na fremu yake ikiwa juu yake. Alipohamishiwa Tabora alikuja navyo.

Mtu akiingia sebuleni aliona picha tu, imesimama mezani kando ya redio. Ilikuwa picha ya mlima wenye theluji. Wageni walibishana. Wengine walisema ni Kilimanjaro, wengine walisema ni Ulaya. Mkewe mjomba alikifunika kitu hicho kwa kitambaa alichodarizi, kwa sababu alikihesabu kuwa pambo. Hakukosea sana. Fremu za namna hii ziliuzwa sana Ufaransa katika miaka ya 1940 na 1950, na wenye viwanda walizifanya kama fremu za picha kusudi zipendeze nyumbani. Huko pia shida ilikuwa mkwaruzo wa umeme mijini.

Lakini ukiigeuza fremu uliona waya umezungushwa mara nyingi nyuma ya picha, kufuata kingo zake. Chini mlikuwa na kisanduku, na ndani ya kisanduku mlikuwa na vali moja. Palikuwa pia na kitufe cha kuzungusha. Kamba ya nyaya ilitoka kwenye fremu ikaingia nyuma ya redio. Nyaya nyingine zilipeleka umeme wa redio kwenye vali ile, na nyingine zilipeleka sauti iliyonaswa.

Sasa nieleze ilivyofanya kazi. Nilielewa baadaye, nilipokuwa mtu mzima, lakini jambo lenyewe si gumu.

Fikiria mtumbwi ziwani. Wimbi likija kutoka mbele, kichwa cha mtumbwi kinapanda kwanza, kisha nyuma inapanda. Mtumbwi unabembea. Wimbi likija kutoka ubavuni, mbele na nyuma hupanda pamoja. Ncha hazipishani. Fremu ya waya ni kama mtumbwi huo. Ukiielekeza kwa ukingo wake kule sauti inakotoka, wimbi hufikia upande mmoja wa fremu kabla ya upande wa pili. Tofauti hiyo ndogo husukuma umeme katika waya. Ukiigeuza fremu uso wake utazame kule sauti inakotoka, pande zote mbili hufikiwa pamoja, zikapingana, na sauti ikapotea.

Jambo la pili. Mkwaruzo wa feni na swichi za karibu huingia kwa nguvu katika waya mrefu. Katika fremu huingia kidogo, kwa sababu fremu hunasa zaidi nguvu ya wimbi iliyo kama ya sumaku, na mkwaruzo wa karibu mara nyingi hauna nguvu hiyo kwa wingi.

Lakini fremu ina udhaifu. Ni ndogo, kwa hiyo inanasa kidogo sana. Ndiyo maana iliwekwa vali. Vali ilikuza kile kidogo kabla hakijaingia katika redio. Na kile kitufe kilikuwa cha kuchagua: ulikizungusha mpaka fremu ikubaliane na stesheni unayoitaka, na sauti ikapanda ghafla.

Mjomba alichora mistari ya penseli mezani chini ya fremu. Mstari mmoja ulikuwa wa Dar es Salaam. Ulielekea mashariki, ukiinama kusini kidogo. Karibu ni njia ile ile ya misafara ya zamani. Fremu ikikaa juu ya mstari huo, Dar es Salaam ilisikika vizuri, na Lusaka ikafifia kabisa, kwa maana Lusaka iko ubavuni mwa mstari huo. Lakini Bujumbura haikuondoka. Bujumbura iko nyuma ya mstari ule ule, upande wa machweo, na fremu haijui mbele wala nyuma. Inasikia pande mbili sawasawa. Vivyo hivyo kwa radi. Radi ikipiga upande wa Kigoma, fremu haikusaidia. Radi ikipiga kaskazini, upande wa Nzega na Mwanza, fremu ilikuwa dawa.

Mjomba aligundua jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Fremu ikigeuzwa kidogo kutoka kwenye mstari wa stesheni, sauti haipungui sana. Lakini mahali pa kupoteza mkwaruzo ni pembamba kama ukali wa kisu. Ukipita kidogo tu, mkwaruzo unarudi. Kwa hiyo hakuitafuta sauti. Aliutafuta mkwaruzo, akauua kwanza. Sauti ilibaki yenyewe.

USIKU WA MACHI 1967

Wakati huo Radio Tanzania ilisoma matangazo ya vifo. Wazee wa siku hizo wanakumbuka. Muda ukifika nyumba ilinyamaza. Hata watoto walijua kwamba huo si wakati wa kuomba maji. Watu waliokuwa na ndugu mbali walisikiliza majina kwa hofu. Na Unyamwezi ilikuwa na watu wengi mbali. Babu zetu walikwenda pwani na mizigo, na baba zetu walikwenda katika mashamba ya mkonge. Kaka yake mkubwa mjomba, naye pia mjomba wangu, alikuwa katika mkonge huko Kilosa. Mkewe alikuwa amefariki. Alibaki na mtoto mmoja wa kike, wa umri wa miaka mitano hivi.

Usiku ule mvua ilikuwa kaskazini. Tuliona umeme wa radi ukimulika upande wa Nzega, lakini kwetu kulikuwa kukavu. Nyumba ya jirani ilikuwa na redio nzuri kuliko yetu, yenye waya mrefu juu ya mwembe. Jirani alifunga redio yake. Akaja kwetu, akasema, "Bwana karani, kwangu ni kama watu wanakaanga bisi." Mjomba akamkaribisha kiti.

Matangazo yakaanza. Kwetu pia kulikuwa na mkwaruzo. Mjomba alikuwa ameinama mezani, mkono mmoja juu ya fremu, akiigeuza polepole kama mtu anayefungua mlango wakati mtoto amelala. Mkwaruzo ukazama. Msomaji alikuwa katikati ya tangazo. Tulisikia neno Kilosa. Kisha tukasikia jina la mjomba mwenyewe, na cheo chake, karani wa reli, Tabora. Kisha jina la kaka yake. Ameacha mtoto mmoja.

Hakuna aliyelia mara moja. Mjomba aliacha mkono wake juu ya fremu mpaka matangazo yakaisha, labda alidhani litasomwa tena. Halikusomwa tena usiku ule. Jirani ndiye aliyesimama kwanza, akasema, "Pole, Bwana karani. Nimesikia kama ulivyosikia." Alisema hivyo kwa sababu mjomba alikuwa akitutazama mmoja mmoja, kama anayeuliza kama ni kweli.

Alipanda treni iliyofuata. Alipofika Kilosa kaka yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Mtoto alikuwa kambini kwa mama mmoja jirani. Mama huyo alikuwa mwema, lakini mumewe alikuwa amemaliza mkataba, na walikuwa wamefunga mizigo kwenda Tanga siku mbili zijazo. Wangemchukua mtoto pamoja nao. Wangefanya nini? Walikuwa wametuma barua Tabora, na hawakujua kama imefika. Barua hiyo ilifika nyumbani siku kumi na moja baada ya tangazo. Wakati huo binamu yangu alikuwa tayari Tabora, amekaa mkekani, anakula ugali na sisi. Watani wetu Wazaramo waliokuwa wakifanya kazi relini walikuja matangani, wakasema mjomba amekwenda kumzika ndugu akarudi na mchumba. Alicheka kwa mara ya kwanza.

FREMU ILIVYOACHWA

Vali ya fremu ilikufa mwaka 1970 au karibu na hapo. Mjomba aliitafuta nyingine Tabora na Mwanza, hakuipata. Wakati huo redio za transista zilikuwa zimeenea. Transista ni kitu kidogo kinachofanya kazi ya vali kwa betri za tochi. Na ndani ya redio hizo mna kijiti cheusi cha madini ya chuma kilichozungushiwa waya mwembamba. Kijiti hicho ni fremu iliyofupishwa. Ndiyo maana redio ndogo ukiigeuza mezani, sauti ya masafa ya kati hupanda na kushuka.

Elimu ya mistari ya penseli ilinifaa mwaka 1973. Mwaka huo ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu juu ya malaria, kuhara na vyoo. Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi kijijini. Redio ya kikundi ilikuwa ya transista. Kabla ya kipindi niliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaigeuza mpaka mkwaruzo ushuke. Wazee walidhani naielekeza kibla.

Fremu ya mjomba iko kwa binamu yangu mpaka sasa. Ameitoa picha ya mlima. Ameweka picha ya baba yake, ile ndogo ya kitambulisho cha kazi. Waya bado umo nyuma.

KAMA UNATAKA KUJARIBU

Siku hizi watu wengi husikiliza FM, ambayo haisumbuliwi sana na mkwaruzo. Lakini FM haifiki mbali. Usiku, katika upande wa redio ulioandikwa AM au MW, bado zinasikika sauti za mbali. Adui ameongezeka. Chaja za simu, taa mpya za bei nafuu na vyombo vya umeme wa jua hutoa mkwaruzo mwingi. Basi kwanza chomoa chaja. Kisha geuza redio.

Kama sauti bado ni ndogo, tengeneza fremu isiyo na vali. Nilimtengenezea mjukuu wangu moja. Tulifunga miti miwili kwa umbo la msalaba, tukazungusha waya wenye ganda kwenye ncha zake nne, ili upande wa mraba uwe kama sentimita 60. Tulizungusha mara 13, tukiacha nafasi ya kama sentimita moja kati ya waya na waya. Yatosha kununua waya mita 35. Ncha mbili za waya tuliziunga kwenye kapasita ya kuzungusha, ile inayochagua stesheni katika redio ya zamani. Fremu haiunganishwi na redio kwa waya wowote. Unaisimamisha karibu nayo tu, halafu unaizungusha kapasita mpaka sauti ipande.

Neno moja juu ya hatari. Ukikuta redio ya vali katika nyumba ya mzee wako, usiifungue ikiwa kwenye umeme. Ndani yake umeme unaweza kupita volti 200, na unaweza kukaa humo kwa muda hata baada ya kuzimwa. Waya mrefu wa nje nao unaweza kuleta radi ndani ya nyumba. Fremu hukaa ndani, na hiyo ni nafuu.

Fremu ya mjukuu wangu haihitaji umeme wala betri. Kapasita tuliipata kwa fundi redio sokoni. Anazo redio mbovu nyingi chini ya meza yake, na hii alitupa bure.